Mkono wa Pembeni

Mji mzima ulimwita Tulia, na jina hilo alilipata kihalali. Hakuna aliyewahi kukaa mbele ya kamera yake asiambiwe, "Tulia hapo hapo!" Aliwaambia maharusi, akawaambia madiwani, na siku moja alimwambia mbuzi aliyekatiza mbele ya posta ya zamani. Mbuzi, kwa ushahidi wa waliokuwapo, alitulia, na picha yake ipo.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi, na nyuma yake chumba cha giza kilichonuka dawa za kusafishia picha. Riziki ilitoka kwenye picha za vitambulisho na harusi, ila moyo wake ulikuwa kwenye mji. Jengo lolote lililopangiwa kubomolewa alilipiga picha kwanza, mbele, nyuma na ubavuni. Mteja akija, aliulizwa kama kwao kuna picha ya babu au bibi. Ikiwepo, Tulia aliiazima, akainakili, akairudisha imefutwa vumbi.

"Mji nao una wazee wake," alikuwa akisema. "Tusiwazike bila picha."

Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Pazia jeupe alilotundika nyuma ya watu lilikuwa halisikii amri. Upepo kidogo tu, linapepea. Basi mke wake alilishika. Alisimama pembeni, mkono kaunyoosha, miaka nenda miaka rudi, akiwa mjamzito, kisha binti yao akiwa mgongoni. Mara nyingi vidole vyake viliingia kwenye picha. Tulia hakuona shida. Picha ikishakauka, alichukua mkasi akakata ukingo, na vidole vikaanguka chini ya meza pamoja na takataka nyingine.

"Na mimi utanipiga lini?" mke alimuuliza.

"Wewe si upo, mama watoto? Kesho."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mama yule alijaliwa subira. Hatimaye kesho ikafika. Alisuka nywele, akavaa gauni la bluu, akakaa kwenye stuli ya wateja. Tulia alikuwa ameshainamia kamera pale fundi viatu wa jirani alipochungulia mlangoni akihema.

"Tulia! Wanaangusha mnara wa saa! Sasa hivi!"

Filamu iliyobaki ilikuwa ya picha chache tu, na akiba hakuwa nayo. Alimtazama mke wake. Mke akacheka.

"Nenda bwana. Mimi sibomolewi leo."

Alirudi jioni, vumbi hadi kwenye nyusi, furaha imemjaa. Gauni la bluu lilikuwa limesharudi kabatini, na mwenyewe alikuwa anachambua mboga.

"Umeupata?"

"Wote! Mpaka ulipokuwa unaanguka."

"Haya, vizuri."

Hakuuliza tena. Na Tulia, masikini, akadhani kutouliza ni kuridhika. Wanaume wengine macho yao yako kwenye kamera tu.

Miaka ikapita, kisha ugonjwa ukamchukua mama yule upesi, kabla hata dawa hazijaisha kwenye chupa. Simu za wakati huo zilikuwa za kuongea tu. Binti yao, ambaye sasa alikuwa mwalimu, alimfuata baba yake katikati ya waombolezaji.

"Baba, naomba picha ya mama tuweke mezani."

Tulia alifungua masanduku yote, akayarudia. Kitambulisho cha marehemu, alichopigiwa picha wilayani, kiliwahi kufuliwa pamoja na nguo, na sura ilikuwa imebaki ukungu. Meza ikabaki tupu, na mama akazikwa hivyo.

"Mji mzima, Baba," binti alisema, wala hakupaza sauti. "Mpaka mbuzi."

Tulia alilia kama mtoto, lakini majuto ni mjukuu. Lililomtisha zaidi lilikuja uzeeni: sura ya mke wake ilianza kumtoka. Mnara wa saa aliukumbuka kila ufa. Kishimo cha shavuni mwa mkewe kilikuwa kulia au kushoto? Alikaa na swali hilo siku nzima, chai ikapoa, na jibu halikuja. Alijua kwamba yeye akimsahau, basi mkewe ndio kapotea kabisa.

Ndipo alipokumbuka jambo. Alikuwa akikata karatasi za picha tu. Filamu zenyewe hakuwahi kuzikata.

Yeye na binti yake wakakaa dirishani, wakaziinua filamu moja moja kwenye mwanga. Hapa vidole vyembamba, vya msichana. Hapa vimevimba, pete imezama kwenye nyama. Hapa kovu la sufuria.

"Hapa ulikuwa mgongoni," mzee alisema. "Hapa alikuwa na homa, nikamwambia ashike vizuri."

Uso haukuwepo kwenye hata moja. Walitafuta mpaka filamu ya mwisho.

Tulia alichagua picha ya diwani na familia yake, akaisafisha kwa ukubwa aliokuwa akiwapa maharusi. Ilipokauka alichukua mkasi. Safari hii alimkata diwani, akamkata mke wa diwani, watoto na viti vyao, akabakiza mkono na kipande cha pazia.

Kisha akapanda kwenye stuli ya wateja, akaishusha picha ya mnara wa saa ukutani, akautundika mkono mahali pake. Binti alimshikia stuli isitikisike.