Bertha na Safu ya Mwisho ya Sensa

Mafundi cherehani wa Igawa ni wengi, lakini anayeshona sare za kwaya nzima bila kumpima mtu mara mbili ni mmoja, naye ni mpwa wangu Bertha. Akili hiyo ameitoa kwangu, ingawa mimi sijawahi kushona hata kifungo. Ana miaka thelathini na mitatu, mkimya, mkaidi. Nimemtania tangu ananyonya. Mwaka huu nilimwona ameogopa kweli.

Mama yake, dada yangu Esta, alipofuka akiwa na miaka arobaini na saba. Kabla yake alipofuka mama yetu, Benedicta. Mimi ndiye kitinda mimba. Sikumbuki hata siku moja mama akinitazama usoni. Watu walisema tumerogwa, tukazunguka kwa waganga mpaka Tukuyu. Bertha naye akipita dukani hufumba jicho moja, halafu jingine, akisoma kibao. Anadhani hatumwoni.

Ndipo Anania, mkulima wa mpunga wa Madibira, akaleta posa. Shangazi yake, Evarista, akaja kupeleleza ukoo kama ilivyo desturi: mna kifafa? mna wazimu? Akamwona Esta anapapasa ukuta kutafuta mlango, akaweka kikombe chini. Akataka kujua upofu huu ni wa ajali au wa damu. Nikamwambia kwa kina Kalinga, ukoo wa bibi yetu mzaa mama, hakuna kipofu, aulize Mufindi yote. Akauliza upande wa babu. Hapo nikakohoa. Babu alikuwa Mskoti, msimamizi wa shamba la chai, watu wakimwita Bwana Gedesi. Alirudi kwao mama akiwa mtoto, akaacha sanduku la bati lenye jina lake, Aleksanda Gedesi, na anwani ya kwao. Evarista akatupa wiki mbili tuchunguze upande huo.

Mzungu humpelelezi kwa majirani. Lakini Blessing, mwenye steshenari Mbeya mjini, alituambia Uskoti wameweka sensa zao za zamani mtandaoni, nyumba kwa nyumba: jina, umri, kazi. Na katika safu ya mwisho karani aliandika nani bubu, nani kipofu, nani mwendawazimu. Yaleyale ya Evarista. Serikali nzima ilifanya kazi ya shangazi.

Mbele ya kompyuta Bertha akanishika mkono. "Mjomba, soma wewe."

Mimi nilifika kidato cha pili. Kiingereza hakinisumbui, mimi ndiye ninayekisumbua. Mwaka 1901, katika mji wa Portsoy ulioandikwa kwenye sanduku, walikuwepo Aleksanda Gedesi wawili wa miaka kumi na mitano. Nikamchagua upesi mtoto wa mwanasheria, nyumba yenye wajakazi wawili, maana ukoo wetu unajionyesha wenyewe. Safu ya mwisho nyeupe pe. Nikamwambia Blessing achapishe, nikaanza kuulizia soda.

Bertha hakuinuka. Alikuwa anatazama picha ya sanduku kwenye simu. Chini ya jina kulikuwa na mtaa, Seatown, na mwanasheria hakukaa mtaa huo. Akamwomba Blessing amfungue yule wa pili.

Mtaa ukalingana. Baba mvuvi. Mama, Isabela, miaka arobaini na sita, umri ninaoutimiza mimi Desemba. Nikasogeza uso kwenye kioo, nikarudi nyuma, herufi hazikutulia. Nikasema karani alikuwa na mwandiko mbaya. Bertha ndiye aliyesoma. Isabela: kipofu. Na chini kabisa mama yake Isabela, bibi wa miaka sabini na mmoja: kipofu. Blessing akafungua sensa ya miaka kumi nyuma. Isabela thelathini na sita, safu tupu.

"Kati ya thelathini na sita na arobaini na sita," Bertha akasema taratibu. "Nimebakiza miaka mitatu."

Njiani nikamwonyesha karatasi ya mwanasheria. Evarista Kiingereza hajui, nikamwambia, na Waskoti hawatakuja Igawa kutushitaki. Akaniuliza kama watoto atakaowazaa nao nitawapa karatasi hiyo waisome. Nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni.

Evarista aliporudi na Anania, Bertha alimpa karatasi ya mvuvi, ambayo naye alichapishiwa na Blessing, kwa mikono miwili, akamweleza mstari kwa mstari. Anania alitazama sakafu.

"Umeshapimwa macho?" Evarista akauliza.

"Hapana, shangazi. Naogopa."

Evarista akasimulia habari za jirani zake wawili wa Madibira wenye presha ya macho. Mmoja anatia matone kila siku, mwaka wa nane huu, bado anaendesha trekta. Wa pili aliogopa hospitali. Sasa anashikwa mkono kwenda chooni.

"Posa hatuiondoi," akasema. "Lakini apimwe, tujue tunaoa na dawa au bila dawa." Akanigeukia. "Na wewe, Bwana Yotamu, si wewe na Esta mama yenu ni mmoja?"

Wote wakanitazama, hata Esta akageuza uso upande wangu.

Kliniki ya macho ni Jumatatu, Mbeya. Leo hapa kijiweni nilikuwa natangaza kwamba naenda kumsindikiza mpwa wangu tu. Bertha alikuwa anapita, akasimama.

"Mjomba ndiye mkubwa," akawaambia. "Ataanza yeye kuweka kidevu kwenye mashine."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Halafu nikafumba jicho moja, nikatazama kibao cha duka.