Tulivyomzika Mama Furaha

Siku tuliyobishana juu ya mazishi ya Mama Furaha naikumbuka vizuri sana, mwanangu. Nilikuwa msichana wa kidato cha tano, nipo likizo nyumbani kwetu Mkuyuni. Sisi Wajita tuliohamia Mwanza kutoka Mara tulikuwa na kikundi chetu cha sala. Jumapili jioni tulikutana kwa mwenyekiti, Mzee Masatu, tukaimba kwa Kijita, tukala pamoja, na mwenzetu akifa tulimzika.

Mama Furaha hakuwa Mjita. Alitoka Kongo, akikaanga samaki sokoni, hana ndugu hapa mjini. Alisikia nyimbo zetu akiwa anapita, akaingia, akakaa, na hakuondoka tena. Kijita chake kilituchekesha, lakini akishika wimbo, hata wapita njia walisimama.

Akaugua ghafla, akafariki. Mwili ukabaki chumba cha maiti, na asiye na wa kumchukua huzikwa na jiji, bila wimbo. Tulipokutana, mzee mmoja, Baba Nyangeta, akasema, "Tulimpenda. Lakini hiki ni kikundi cha Wajita. Tukianza na huyu, tutazika mji mzima."

Watu wakainamisha vichwa. Mimi nikasimama. 

"Shikamooni wazee," nikasema. "Shuleni tumesoma habari za Ugiriki ya kale. Wamisri waliohamia kwenye miji ya bandari kule walikutana kumwabudu Isis, mungu wa kwao. Baadaye Wagiriki wenyewe nao wakaingia, na wageni wa nchi nyingine. Vikawa vikundi vya watu waliokula pamoja, na vingine vilizika wanachama wao, hata asiye na ukoo pale."

Baba Nyangeta akafoka, "Unatuletea miungu ya Misri kwenye sala?"

Mzee Masatu akainua mkono. "Mwache binti. Hajasema tuiabudu. Amesema walizikana. Sasa tutamwambia nini Mungu wetu? Kwamba hao walitushinda utu?"

Kesho yake tulikwenda kumchukua. Tulimzika Buhongwa, tukamwimbia kwa Kijita, na koleo la kwanza alilishika Baba Nyangeta mwenyewe. Haikupita muda, Wakerewe na Wasukuma wa jirani wakaja kuomba kusali nasi.

Basi nakwambia wewe, mwanangu, uliyetoka kwenu kuja kutafuta maisha. Usijifungie chumbani na simu yako. Tafuta watu wa kusali nao na kula nao. Na mtu akishakaa nanyi katika raha na shida, msimuulize kabila siku ya msiba. Huyo ni wenu. Tena ukijua jambo la kweli, simama uliseme mbele ya wakubwa, kwa adabu, bila woga. Wazee wenye busara watakusikia.

Mungu akujalie watu, mwanangu, na uzeeke ukiwa nao.