Aliyemsikia Dada Zuhura

Nilitoka Mambrui kwa sababu ya neno moja lililoandikwa mara nne kwenye faili ya dada yangu. Neno lenyewe ni salama.

Dada Zuhura alifariki kwa saratani ya titi, akamwacha mumewe na mtoto wa kike ambaye hata kutembea alikuwa hajajua. Kabla ya hapo alikwenda mara nne kwenye zahanati moja na donge lake, na mara nne akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu, akiambiwa ni maziwa yaliyoganda, kwa kuwa alikuwa ananyonyesha. Zahanati yenyewe sitaitaja, maana shauri liko mahakamani. Alipofikishwa hospitali kubwa, ugonjwa ulikuwa umeshatembea mwilini.

Mimi sikuwapo. Mimi huwa sipo. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimekuwa utingo wa malori, nimevuna chumvi, nimepaka rangi nyumba za watu ambao sikuwahi kuwaona, na kila nilipokwenda nilitaka kujua mbele yake kuna nini. Dada ndiye aliyenilea mama alipoondoka duniani. Nilirejea nikakuta kaburi lake limeshaota majani, nami nikawa nayang'oa huku nikizungumza naye kama nimechelewa chakula cha mchana tu.

Ndipo shemeji yangu Famau, mume wa dada, fundi cherehani, aliponiita barazani.

"Athman, wewe si unapenda njia?"

"Naipenda, shemeji."

"Basi safari hii nenda njia yenye faida. Wakili anakutaka."

Malindi, saa nne asubuhi. Ofisi ya wakili iko juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na ukikaa kwenye kiti cha wageni unasikia mafundi wakitukanana chini kwa upendo. Wakili ni mwanamke kijana, sauti yake ya chini, meza yake imejaa faili zilizofungwa kwa utepe.

"Hujambo, Bwana Athman?"

"Sijambo, wakili."

Akacheka kidogo, si kwa furaha. "Umeona? Hapo hapo ndipo tulipokwama."

Akanifungulia nakala za maandishi ya zahanati. Yalikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo akanisomea kwa Kiswahili. Siku ya kwanza: mgonjwa anasema yu salama, ana maumivu ya kunyonyesha. Siku ya pili: mgonjwa anasema yu salama, aendelee na dawa. Ya tatu hivyo hivyo, na ya nne vilevile.

"Daktari bingwa amekwisha kutuandikia kwamba lile donge lingepimwa mwanzo lingetibika," akasema. "Lakini zahanati inajibu kwamba hakuna donge lililotajwa kwao hata siku moja. Wanasema mgonjwa mwenyewe kwa kinywa chake alisema hana neno. Tutadaije fidia kwa mtu aliyesema hana neno?"

"Dada yangu angemwamkua hata mwizi," nikasema. "Ukimuuliza hali, atasema salama. Ni adabu tu hiyo."

"Mimi mwenyeji, nalijua hilo. Jaji anataka mtu aliyekuwamo chumbani. Shemeji yako anasema kuna mwanamke aliyekuwa akimbebea mtoto. Na tunao mwezi huu tu, Bwana Athman. Ukipita, sheria inatufungia mlango."

Mwanamke huyo ni Mama Karisa, aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga karibu na nyumba ya dada. Alikuwa akimsindikiza kwenye zahanati ili dada apate mikono miwili ya kufungua vifungo vya nguo. Baada ya msiba alirudi kwao Magarini, na hakuna aliyekuwa na namba yake ya simu.

Magarini, mchana wa siku hiyo hiyo. Bodaboda aliniacha kwenye njia ya mchanga mwekundu, nikauliza nyumba mbili, ya tatu nikamkuta mavyaa wa Mama Karisa ameketi kwenye mkeka anamenya mihogo. Nikamwamkia.

"Shikamoo, hawe." Ndivyo Wagiriama wanavyomwita bibi, na mimi niliona nimetafuta njia ya kuingilia.

"Marahaba. Hawe wako nani? Mimi sikuzaa Mswahili." Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Wewe ni wa Zuhura. Pua ile ile. Wewe ndiye yule wa kutokaa?"

"Ndiye mimi."

"Alikuwa akija hapa na mkwe wangu, anakaa upande huo wa mkeka. Kila gari kubwa likipita barabarani anainua kichwa. Nikamuuliza, unamtafuta nani? Akasema, ndugu yangu huenda yumo." Kisu chake hakikusimama. "Nikamwambia, huyo ndugu yako ana pepo wa barabara, mfukizieni ubani."

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Kisha nikashindwa kuacha kutazama ule upande wa mkeka uliokuwa mtupu.

Mama Karisa, akaniambia, alikuwa Mariakani, anapika chai karibu na mizani ya malori. Nikamwomba arudie. Mariakani, akasema, kwani husikii?

Nilisikia sana. Mizani ile naijua kama kiganja changu. Miaka yote ya utingo, lori likiingia foleni pale, mimi hushuka, hununua chai, na humpigia dada simu. Ndipo palipokuwa na nafasi, na mtandao ulikuwa mzuri.

Kilifi, asubuhi ya pili. Nilivuka daraja kwa miguu kwa kuwa sijawahi kulivuka kwa miguu, na nilitaka kuona maji ya hori pale chini yana rangi gani ukiyatazama kutoka juu. Ni kijani karibu na kingo, kati ni meusi. Mavueni nikapata nafasi kwenye kanta, lori dogo lililobeba nazi za kupeleka ndani. Dereva akaniuliza, "Salama?" nikajibu, "Salama." Hatukusema jingine mpaka Kaloleni. Minazi ilikuwa inapita pande zote mbili, mirefu, na mimi nikaanza kuhesabu. Tangu nitoke kitandani nilikuwa nimeulizwa hali na mwenye gesti, muuza mahamri, askari wa daraja, mzee mmoja nisiyemjua na dereva huyu. Wote nimewaambia salama. Hakuna hata salama moja iliyokuwa ya kweli, na hakuna hata mmoja niliyemdanganya.

Mariakani, saa sita na nusu. Vumbi, honi, harufu ya dizeli na ya maziwa kutoka upande wa kiwanda. Malori yamepanga mstari kungoja kupimwa. Nilisimama kidogo kutazama, kama zamani. Lori linapanda, linasimama, namba zinatokea. Hakuna anayemuuliza dereva amebeba kiasi gani.

Mama Karisa nilimjua kwa mgongo, maana nilikuwa nikimwona kila nilipopita kwa dada. Ana mabega mapana na hufunga leso ya pili kiunoni kama anayekwenda vitani. Alikuwa akimgombeza utingo mmoja aliyetaka mbaazi nyongeza.

"Nikuongeze, nikuongeze, kwani mimi nimekuzaa? Kula uende!" Kisha akageuka, akaniona, na mwiko ukabaki hewani. "Pua hii," akasema.

"Hujambo, Mama Karisa?"

"Sijambo, mwanangu. Za Mambrui? Mtoto anatembea?"

"Anatembea, anakimbia. Njema zote."

Tukakaa kwenye benchi nyuma ya jiko. Nikamwambia nilichojia, na nikamweleza kuhusu yale maandishi. Akapangusa mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Yule daktari alikuwa kijana," akasema. "Mgeni huku kwetu. Hakuwa mbaya. Sitaki afungwe."

"Hakuna anayefungwa. Inadaiwa zahanati, kwa ajili ya mtoto."

"Basi sikiliza, nami sitatia chumvi. Mara zote nne nilikuwamo, nimembeba mtoto. Daktari anaanza, bila kuinua macho: unaendeleaje, mama? Dada yako anajibu: alhamdulillahi, salama, na wewe daktari, na watu wa nyumbani? Yeye anaandika. Halafu Zuhura anavuta pumzi, unamjua alivyokuwa, anasema: lakini, daktari, hili ziwa lina kitu kigumu, hakisogei. Kalamu imeshafungwa kifuniko! Daktari anasema, ndiyo, ni maziwa hayo, kanda kwa maji ya moto. Mara ya nne dada yako alimshika mkono auweke pale. Akaugusa juu ya nguo. Akasema, nyonyesha zaidi."

"Alisema 'lakini'?"

"Kila mara. Mswahili gani husema shida yake kabla ya salamu? Salama yake ilikuwa mlango tu. Huyu akaandika mlango, chumbani hakuingia." Akanitazama. "Na wewe hakukwambia? Alikuwa akisema, Athman akipiga nitamwambia, yeye ametembea, atajua hospitali nzuri."

Lori moja likateremka mizani, jingine likapanda. Pale pale, hatua kumi kutoka kwenye benchi lile, kuna nguzo ya taa niliyozoea kuiegemea. Nikajiona nimeiegemea, chai mkono mmoja, simu mkono mwingine. Dada, hujambo? Sijambo, ndugu yangu, tuko salama, umekula? Nimekula. Lakini Athman... Nami nasema, dada, gari linapanda, tutazungumza kesho. Kesho niko Voi. Keshokutwa niko mbali zaidi, ninamtazama twiga, na hilo "lakini" limebaki kwenye nguzo.

Si mara moja. Nilijaribu kuzihesabu nikashindwa.

"Aliniambia," nikamjibu Mama Karisa. "Nami nilifunga kalamu."

Hakunifariji, na namshukuru kwa hilo. Alinimiminia chai, akakaa pembeni yangu mpaka nikaimaliza. Kisha akaita jirani amwangalizie jiko. "Twende," akasema. "Nikingoja kesho nitaogopa."

Njiani kurudi alilala mpaka Kilifi, kichwa chake begani mwangu, na leso yake ikinuka moshi kama leso za dada siku za kupika. Sikusogea, ingawa mkono ulikufa ganzi.

Malindi, asubuhi iliyofuata. Mama Karisa alizungumza kwa saa nzima, wakili anaandika. Alipofika mahali pa mkono juu ya nguo, wakili alimwomba arudie neno kwa neno. Alitia sahihi yake polepole, herufi moja moja, akauliza kama inatosha.

"Inatosha sana," wakili akasema. "Sasa tunaweza kufungua shauri."

"Andika na yangu," nikasema.

Nikamweleza. Akaweka kalamu chini. "Itatusaidia. Itaonyesha alikuwa akisema salama hata kwa ndugu yake wa damu, huku anaumwa. Lakini mawakili wa upande wa pili watakusimamisha, Bwana Athman. Watakuuliza, mbele ya watu: kama wewe ndugu yake hukusikia, daktari angesikiaje?"

"Watakuwa na haki ya kuuliza."

"Utajibu nini?"

"Nitajibu kwamba mimi sikuwa daktari, na yeye hakuwa ndugu. Kila mtu alikuwa na lake la kusikia. La kwangu nitalibeba. Na wao wabebe lao."

Akaandika.

Shauri limeshafunguliwa, na siku ya kusikizwa bado. Nimeambiwa huenda ikachukua muda mrefu, na mimi nimekodi chumba Mambrui, jambo ambalo limewashangaza watu wengi kuliko kesi yenyewe. Nimetembea sana maishani kuona kuna nini mbele. Safari hii fupi ndiyo iliyonionyesha kitu nilichokuwa nikikipita kila siku: huku kwetu habari ya mtu haimo kwenye jibu lake la kwanza. Jibu la kwanza ni heshima anayokupa. Ukitaka habari, ngoja.

Jioni ya kurudi nilimkuta shemeji Famau barazani na cherehani yake, mtoto amelala kwenye rundo la vitambaa.

"Hujambo, shemeji?"

"Salama, alhamdulillahi. Za safari?"

"Njema."

Nilikuwa nimeshainua mguu kuingia ndani. Nikaushusha. Cherehani ikaenda kidogo, ikasimama, ikaenda tena. Nikakaa kizingitini. Aliushona upindo mzima mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akautazama mshono kwa muda mrefu.

"Lakini, Athman," akasema.

Nikasogea karibu.