Kumtafutia Mama Mpangaji

Mimi nina mdomo, hilo nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine. Na kazini, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, walinipa kazi ya kunyamaza. Kampuni yetu ni ndogo, tumebanana kwenye chumba kimoja cha ghorofani hapa Mbeya, juu ya duka la mabati, na tunaendesha programu ya simu ya kutafuta nyumba za kupanga: apatimenti, chumba na sebule, nyumba nzima yenye geti, hata chumba cha uani cha mwanafunzi. Kazi yangu ni kuwaendea watu wanaoitumia, nikae pembeni yao na kutazama wanakwama wapi. Sharti lake ni kwamba usimsaidie, usimwelekeze, usicheke. Mtu anahangaika kutafuta bei ya nyumba na bei iko palepale chini ya kidole chake, wewe unatazama tu. Jamani, heri kulima.

Shida yetu kubwa wakati huo ilikuwa wenye nyumba. Mpangaji anaona nyumba, anaipenda, anatuma ombi, kisha kimya. Mwenye nyumba alikuwa na vitufe viwili tu, Kubali na Kataa, na habonyezi hata kimoja. Ombi linakaa pale mpaka linachacha. Wapangaji wakawa wanatutukana kwenye ukurasa wetu, wengine wakarudi kwa madalali, na mimi nikawa naamka asubuhi nimeshakasirika.

Mmoja wa wenye nyumba hao wasiojibu alikuwa mama yangu mzazi.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alipofariki, mama alibaki peke yake kwenye nyumba yetu ya Ipogolo, mji wa Iringa ukiwa huko juu mlimani na barabara kuu ikipita mbele ya mlango. Sisi watoto wote tuko Mbeya. Kaka yangu mkubwa, ambaye tangu baba aondoke ndiye mwenye kauli ya mwisho, alisema mama hawezi kuishi peke yake na presha yake ile. Ama apatikane mpangaji wa vile vyumba viwili vya mbele, mtu mwenye akili timamu wa kumwangalia, ama mama ahamie Mbeya kwa kaka na nyumba ifungwe. Mama akasema haendi. "Nikakae kwenye baridi ile, nimejikunyata kwenye kochi la mkamwana wangu nasubiri kuulizwa nimekula? Siendi." Kaka akasema basi, mpangaji awe amepatikana kabla ya Krismasi. Mimi kwa kujiamini kwangu nikasema niachieni, hiyo ndiyo kazi yangu.

Nilipiga picha vile vyumba, nikaandika tangazo zuri, nikataja maji ya bomba na mparachichi wa uani. Maombi yakaanza kuingia. Mama hakujibu hata moja. Nikawa nampigia.

"Shikamoo mama. Umeliona ombi la yule kijana wa benki?"

"Marahaba. Nimeliona."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

"Si ubonyeze, mama! Kubali au kataa!"

"Haya mwanangu, nitaangalia."

Ukisikia mama yangu anasema ataangalia, jua hilo jambo limeshalala.

Fundi wetu wa programu ni kijana wa Kiislamu, mzaliwa wa Mbeya, ambaye babu yake alikuja huku na biashara kutoka pwani akalowea. Mpole mno, hapandishi sauti hata akikosewa. Yeye aliona wenye nyumba wanasahau tu. "Tuwakumbushe, dada," aliniambia. Akaweka ukumbusho: kila asubuhi na kila jioni simu inalia, inamwambia mwenye nyumba kuna mtu anasubiri jibu lake. Nikaona safi kabisa.

Mama alivumilia kwa siku chache. Kisha akaizima simu, akaifunga kwenye kitenge, akaitia kabatini nyuma ya sukari. Kaka alianza kumpigia tangu alfajiri, hapatikani. Akampigia jirani, naye hapokei. Mchana tukawa njiani, kaka anaendesha, mimi pembeni yake. Tulipita Igawa watu wananyanyua vitunguu na mchele kwenye madirisha ya mabasi, mimi nalia na kujifuta kwa kiganja. Nilikuwa nimeshamzika mama kichwani mwangu. Ndipo jirani akapiga: alikuwa shambani, sasa yuko kwa mama, mama mzima, anachambua maharage na anauliza nani kafa.

Kaka aliegesha gari pembeni. Nilidhani atacheka. Akanigeukia na hofu yake yote ikawa hasira. "Hiyo programu yako! Sasa mama anakuja kwangu. Krismasi haimkuti Ipogolo." Yeye akageuza gari kurudi kazini, mimi nikashuka nikapanda basi la Iringa.

Kesho yake, baada ya chai, nilimwomba mama aitoe simu kabatini, ayafungue yale maombi kama vile mimi sipo. Nikajiambia nimtazame kama ninavyowatazama watu wengine. Akavaa miwani. Ombi la kwanza lilikuwa la yule kijana wa benki, amepiga picha na tai yake. Mama alimtazama kwa muda. "Kijana mtanashati," akasema. Kidole kikaenda kwenye Kubali, kikasita. Kikaenda kwenye Kataa, kikasita. Akailaza simu mapajani, akaangalia nje. Akafungua ombi la pili, muuguzi mmoja wa kike, ikawa vilevile. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu nisije nikambonyezea.

Mwishowe akasema, wala hakuwa anaongea na mimi: "Mtu hata hajanisalimia. Nimkatae, kanikosea nini? Nimkubali, nimemwonea wapi?"

Loo! Kwetu mtu akija kuomba chumba anapewa kiti kwanza. Salamu za kwetu, kamwene, kamwene, mnatoka wapi, wazazi hawajambo, chai inakuja, halafu ndiyo mazungumzo yenyewe yanaanza, tena kwa kuzunguka. Hata wa kukataliwa anakataliwa taratibu, ameshakunywa chai, anaondoka hana kinyongo. Sisi tulimtaka mama amjibu mtu ndiyo au hapana akiwa bado yuko barabarani. Kwa mama huo ni utovu wa adabu, na mtu mzima akishindwa kufanya jambo bila kukosa adabu, analiacha.

Nilirudi Mbeya nikawaambia wenzangu wa ofisini tuweke kitufe cha tatu: Njoo tuonane. Fundi alikuna kichwa. "Dada, programu hii tuliitengeneza ili watu wasisumbuke kwenda na kurudi."

"Wanataka kusumbuka!" nilipiga kelele mpaka wa duka la mabati wakasikia. "Nani kakwambia hawataki? Waache wasumbuke!"

Alinisubiri nimalize, kisha akacheka. "Haya basi. Tutawawekea usumbufu wao." Na akauweka vizuri kweli, lazima nimpe haki yake. Mwenye nyumba anachagua siku, mpangaji anaelekezwa njia kwa maneno ya kawaida, ukivuka daraja ulizia kwa mama muuza mkaa, na ule ukumbusho wa asubuhi na jioni tukaufuta. Kimya kikaisha. Wenye nyumba wa Mbeya, wa Iringa, hata wa Chunya waliokuwa na vyumba vya wachimbaji wa dhahabu, wakaanza kujibu. Fundi alileta maandazi ofisini tukala tunasoma majibu, na nilifurahi kama mtoto.

Kwa mama sasa. Mama alikibonyeza kitufe cha tatu kwa kila aliyeomba. Hakubagua. Kila Jumamosi nyumba ya Ipogolo ikawa na mgeni, viazi vitamu vimechemshwa, chai ya maziwa imejaa chupa. Nikimpigia, ana habari tele. Kijana wa benki mama yake ni mtu wa Mafinga. Mwalimu mmoja mstaafu alimfundisha kupandikiza miche ya parachichi. Muuguzi ndiyo usiseme, waliongea mpaka jua likazama.

"Kwa hiyo umemchukua muuguzi?"

"Ah, hapana. Mtoto mzuri lakini."

"Mama! Muuguzi! Anapima presha, jioni zote yuko nyumbani, unataka nini zaidi?"

"Nitaangalia mwanangu."

Kaka akasema mama kafungua hoteli kwa jasho la kampuni yetu. Mimi nilicheka mbele yake, lakini moyoni nilikuwa naogopa. Mkewe alikuwa ameshatandika kitanda cha chumba cha wageni. Mvua za kwanza zilishaanza, na kichwani mwangu nilimwona mama kwenye lile kochi, amejikunyata, hana cha kufanya, anazeeka kwa haraka kwa sababu yetu.

Ndipo akanipigia mwenyewe. "Nimempata."

Alikuwa mwanamke wa makamo, Msukuma, ambaye familia yake ilihamia na ng'ombe kutoka kaskazini mpaka bonde la Usangu. Yeye anafanya biashara ya mchele: anaununua huko bondeni, anaupakia Igawa, anauleta kuuza Iringa, anarudi kuchukua mwingine. Alitaka mahali pa kufikia na kuhifadhi magunia. Nikamuuliza mama, kwa hiyo anakaa hapo siku zote? "Hapana," mama akasema, "anakuja, anauza, anaondoka." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota kitu kizuri njiani. Nilipomwambia kaka, alifumba macho akahesabu pumzi zake.

Jumapili tukaenda sote wawili Ipogolo. Mpangaji bila shaka hakuwepo. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, anapeta mchele, mweupe, wa Usangu, harufu yake nzuri. Kaka alimsalimia, akakaa, akanywa chai yake yote kwanza. Mimi nilijua akinywa chai yote hivyo ameshaamua.

"Mama," akasema, "tulikubaliana tutafute mtu wa kukaa na wewe. Huyu hayupo. Hata leo tumekuja kumwona, hayupo."

"Ndiyo. Hayupo. Yuko Igawa anapakia."

"Sasa atakuangalia saa ngapi?"

Mama akaweka ungo chini.

"Yule muuguzi aliniangalia," akasema. "Hata chai hajamaliza, yeye anaangalia miguu yangu kama imevimba. Nikikaa na yule mwezi mmoja nitakuwa mgonjwa kweli. Sikilizeni. Mimi nimeolewa nikiwa msichana na mtu wa barabarani. Maisha yangu yote mtu yuko safarini, namwekea chakula, nasikiliza gari. Gari ikichelewa nina wasiwasi, gari ikifika nina furaha. Ndiyo maisha niliyoyajua. Baba yenu amekufa, mkaja, mkalia, mkaanza kunitafutia mtu wa kunilinda. Asanteni. Lakini hakuna aliyeniuliza. Mimi sitaki mtu wa kunilinda, wanangu. Nataka mtu wa kumsubiri."

Lori likapita barabarani, mama akageuza kichwa kulisikiliza mpaka likapotelea mlimani. Kaka alikuwa ameinama, anaokota punje zilizomwagika kwenye mkeka na kuzirudisha kwenye ungo, na niliona macho yake yamekuwa mekundu kama siku ya mazishi. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikuona sababu ya kujificha. Nilikuwa nimewatazama watu wengi wakikwama na simu zao, na huyu wa kwangu nilidhani amekwama kwenye vitufe tu.

"Basi mama," kaka akasema. "Kaa kwako."

Mama akaitikia, akachukua ungo wake akaendelea kupeta. Muda kidogo akanigeukia. "Hiyo programu yenu, inaweza kunionyesha kama ameshatoka Igawa?"

"Hapana mama. Haina hilo."

"Haifai basi," akasema, na akachukua simu akampigia mwenyewe, palepale mbele yetu, kwa sauti ya juu kama watu wa zamani wanavyoongea na simu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mayu! Umekula?" Huko Igawa mwanamke yule akacheka mpaka tukamsikia, akaeleza habari za gari na magunia na mvua, na mama akawa anaitikia, eeh, eeh, haya, uje salama, nimekutengea ugali na mlenda.

Krismasi ilimkuta Ipogolo. Siku hizi nikimpigia mama jioni, mara nyingi simu yake inatumika. Nakaa nasubiri amalize.