Gharama ya Paka wa Mama Nura

Nakumbuka asubuhi moja huko Al Wakrah, mji wa pwani kusini ya Doha, nimepiga magoti nyuma ya jiko nachota mavi ya paka kwa kijiko cha plastiki, na moyoni nina furaha kuliko ya Iddi. Usishangae, mwanangu. Nilikuwa nimebakiza majuma machache niende kwetu Tanga kumwona mama yangu, na mtu anayekwenda kwa mamake hata mavi ya paka hayamkeri.

Nilikuwa mtumishi wa ndani kwa Mama Nura. Huko bosi wa kike unamwita Mama na wa kiume unamwita Baba, hata kama umewazidi umri. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi mapema kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii watu hungoja nimtukane, nami siwezi. Hakunipiga, hakuninyima chakula, na mshahara alinipa. Laiti angekuwa mbaya, ningekuwa na pa kuzitua hasira zangu.

Paka alitakwa na Nura, binti yake. Akaletewa mweupe pe, manyoya marefu, pua imebonyea, jina lake Sukkar, yaani sukari. Nura alimbeba siku za mwanzo, akampiga picha, akamvisha utepe, kisha shule na mashoga zake wakamchukua Nura mwenyewe. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Nami naongeza kwamba kununua paka si kazi hata kidogo. Chakula chake cha kopo kilikuwa cha aina moja tu, ukibadilisha anatapika zuliani. Manyoya lazima yachanwe kila siku, la sivyo yanafungana. Kucha zake zilimaliza mapazia ya sebuleni, yakashonwa mengine, akayamaliza na hayo. Daktari wake alikuwa Al Sadd, huko Doha, na tukienda kwake mimi ndiye nampakata njia nzima huku ananilalia na kunikwaruza kwa zamu. Kilichonichekesha zaidi ni mchanga. Nchi ile ukitoka nje ya ukuta ni mchanga mpaka macho yachoke, lakini mchanga wa paka ulinunuliwa dukani, kwenye mfuko. Siku ya kwanza nilipotumwa mchanga nilichukua ndoo nikaelekea uwanjani, na dereva wetu, Mganda mmoja mpole, alicheka mpaka akakaa chini.

Zote hizo hazikuwa fedha zangu, kwa hiyo sikuziona kama gharama. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini na mwenye njaa naye huzoea kutazama shibe ya wengine bila kusema kitu.

Basi, miaka yangu miwili ya mkataba ilikuwa inatimia, na tiketi yangu ilikuwa haki yangu. Tena majira ya joto yalikuwa yanaingia, na watu wenye uwezo huko hukimbilia nchi za baridi. Dereva alipewa likizo yake bila maneno, maana gari halili. Nilijua zamu yangu inafuata. Asubuhi ile ile ya kijiko Mama Nura akaniita sebuleni. Mwaka uliopita nilisafiri nao, na Sukkar wakampeleka kwenye nyumba ya kulaza paka, wakalipa vizuri, akarudi amekonda na amenuna.

"Mwanaidi," akaniambia, "Sukkar hawezi tena kukaa na wageni. Utabaki naye mpaka turudi, halafu utakwenda kwenu. Sawa?"

Nikamjibu, "Inshallah, Mama."

Nataka ulisikie vizuri jibu hilo, mwanangu. Kwetu mkubwa akikuomba jambo usilolitaka, humkatalii usoni. Ni utovu wa adabu. Unainamisha macho, unasema inshallah taratibu, naye kama ni mtu mzima anaelewa. Atakuuliza, "Au una shughuli?" na hapo anakuwa amekufungulia mlango wa kutokea. Nilisimama pale na macho chini nikingoja kuulizwa kama nina shughuli. Mama Nura akanishukuru, akaniombea dua, akaenda kufunga masanduku.

Wakaondoka. Nikabaki mimi na paka katika nyumba ya vyumba vingi, kiyoyozi kikivuma usiku na mchana kwa sababu Sukkar hawezi joto. Pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwa Baba Nura, na wakati ule huwezi kutoka nchini mpaka mwajiri wako atoe ruhusa. Nyumba ya jirani alikuwapo Bi Zuwena, mpishi, mwanamke wa Unguja aliyezeekea Arabuni. Bibi mzee aliyemtumikia hakusafiri, kwa hiyo naye hakuondoka. Alasiri nilikuwa nikienda kwake kumwamkia na kumsaidia kuchambua mchele.

Siku moja ndugu yangu akanipigia simu kutoka Tanga. "Mama hajambo kidogo," akasema. "Ila anakuuliza." Juma lililofuata akasema, "Anakuuliza sana." Watu wetu hawamwambii aliye mbali kwamba mgonjwa yu mahututi. Wanakwambia anakuuliza, nawe ujijazie mengine.

Nikampigia Mama Nura. Aliuliza kwanza kama Sukkar anakula. Nikamwambia anakula, alhamdulillahi, kisha nikasema kwamba mama yangu kidogo hajisikii vizuri, yaani anaumwa. Akasikitika kweli, nilimsikia. "Mungu amponye," akasema. "Tutarudi mapema, inshallah."

Nikaenda mbio kwa Bi Zuwena na furaha yangu.

"Kasemaje?" akaniuliza.

"Kasema watarudi mapema, inshallah."

Akauweka ungo chini. "Na wewe siku alipokutaka ubaki, ulimjibu nini?"

"Nilimwambia inshallah. Lakini Bi Zuwena, mtu mzima si angeelewa kwamba sitaki?"

"Mtu mzima wa kwenu. Huku mtumishi akisema inshallah keshasema ndiyo, na kazi ishaanza. Mkubwa akisema inshallah, wewe nenda kalale." Akanitazama mpaka nikaona haya. "Umelichukua jina la Mungu ukaliweka mahali pa hapana yako, kisha wangoja watu wakufasirie. Si adabu hiyo, mwanangu, ni woga uliovaa buibui. Mpigie tena. Mwambie: mama yangu anakufa, nataka kwenda. Maneno hayo hayo, usiyatie sukari."

Nilirudi nyumbani nikaishika simu. Nitamkeje kwamba mama yangu anakufa, naye yuko hai? Kwetu maneno kama hayo ni kumwita Izraili kwa jina. Nikasema nitapiga kesho. Kesho nikasema acha Ijumaa ipite. Siku zile zote nilimchana paka, nikambadilishia maji, nikamchotea mavi yake, na ulimi wangu ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

Nilipopiga mwishowe, nilisema kama nilivyofundishwa. Mama Nura akasema, "Mwanaidi, mbona hukuniambia siku ile? Nilikuuliza, ukasema inshallah." Sauti yake haikuwa na uongo. Akamwita mumewe, mumewe akampigia nduguye aliyekuwa Doha, na kesho yake ndugu yule akaniletea pasipoti, ruhusa na tiketi, akanipa na fedha za njiani. Aliponikuta mlangoni nilikuwa nimeshakaa chini. Ndugu yangu alikuwa amekwisha piga simu asubuhi. Mama alifariki alfajiri na walikuwa wanamwosha. Adhuhuri ilipofika walikuwa wamemzika. Nikawa na ruhusa, nina tiketi, sina mama.

Nilikwenda hivyo hivyo, nikalikuta kaburi bado bichi. Nikamuuliza ndugu yangu mama alisema nini siku za mwisho. Akaniambia, "Kila alipouliza kama unakuja, tulimwambia inshallah." Hakuwa na maana mbaya. Lakini mama yangu alizaliwa Tanga na akazeekea Tanga, na neno hilo likisemwa kwa sauti ya chini alikuwa akijua maana yake.

Na unataka kujua nani alimlisha paka nilipoondoka? Bi Zuwena. Alivuka asubuhi, akavuka jioni, akamwekea chakula na maji akarudi kwenye sufuria zake. Wenyewe waliporudi walimkuta Sukkar amenenepa. Majuma yote yale ya kunibakisha hayakuhitajika, mwanangu.

Wapo wanaoniambia kosa lilikuwa la sheria ile, kwamba mtu mzima hapaswi kuomba ruhusa ya kwenda kumzika mamake. Ni kweli, na aliyeitunga ataulizwa. Lakini mimi siwezi kukuusia habari ya sheria za watu. Nakuusia habari ya mdomo wako na nyumba yako.

Naona siku hizi vijana mnapenda kufuga, kila mmoja ana paka wake wa kupiga naye picha. Sikukatazi, paka ni kiumbe wa Mungu na Sukkar hakunikosea kitu. Ila kabla hujamleta nyumbani usiulize bei ya chakula chake. Uliza nani atabaki naye siku wewe unapotaka kuondoka, na huyo atakayebaki ana nani kwao anayemwita. Kama jibu ni mtu asiyeweza kukukatalia, basi paka huyo humfugi wewe, na gharama yake inalipwa na mtu usiyemwona akilipa. Ukiwa wewe ndiye mwenye nyumba, muulize mtumishi wako mara ya pili, umwambie kabisa kwamba akikataa hutachukia, kisha ungoje jibu. Na ukiwa wewe ndiye mtumishi, ukitaka kukataa, kataa kwa neno la kukataa. Inshallah iseme pale unapokusudia kwenda na njia ndiyo iliyo mikononi mwa Mungu. Wanaokupenda watakuita mtovu wa adabu siku moja, watasahau. Maji yakimwagika hayazoleki, na mama hazaliwi mara mbili.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli, akuepushe na mwajiri mwema usiyeweza kumchukia, na siku utakapoitwa akufikishe, mwanangu, wakati aliyekuita bado anakutambua.