Barua ya Kushindwa

Mimi na mume wangu tuliachana vizuri, na hilo ndilo lililotuponza.

Tulikaa sebuleni kwetu Bigwa Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, tukapanga. Yeye angehamia Mafiga, karibu na kazini kwake. Mimi ningebaki na binti yetu wa miaka tisa katika nyumba tuliyoijenga kwenye ardhi ya ukoo wangu, na baba yake angekuja kila Jumatano na Jumamosi, akae, ale, amsaidie hesabu. Hakuna aliyepandisha sauti. Mapenzi yalikuwa yamekwisha kimyakimya, tukaona na ndoa nayo imalizike hivyohivyo.

Nilikuwa na sababu yangu ya kutaka utulivu. Nilipokuwa na miaka minane wazazi wangu waliachana kwa matusi, na mimi nikasimamishwa mbele ya wakubwa nitaje ninayetaka kukaa naye. Nikataja. Yaliyofuata sitayasimulia, ila niliapa kwamba mwanangu hataulizwa swali lile na mtu yeyote. Nilipomweleza mume wangu, alikubali kabla sijamaliza kusema.

Kwa ujinga wetu tukadhani kazi imekwisha. Kumbe sheria inatupenda kuliko tunavyojipenda. Ndoa yetu tuliifunga bomani, kwa hiyo mahakama pekee ndiyo ingeweza kuivunja, na mahakama haikusikilizi mpaka upitie baraza la usuluhishi wa ndoa, ulete barua inayosema baraza limejaribu kuwapatanisha, likashindwa. Ukishakuwa na barua hiyo, na kila kitu mmekubaliana, hakimu hana la kuamua zaidi ya kuyapitisha mliyopanga.

Sasa baraza la kata yetu lilikuwa na kasoro moja: halikuwa tayari kushindwa.

Mwenyekiti wake alikuwa mzee mstaafu, suruali imepigwa pasi mpaka unaogopa kujikata. Kabla hatujakaa alitutangazia kwamba tangu ashike kiti kile, hakuna ndoa iliyovunjikia mezani kwake. Niliamini. Nilikuwa nawafahamu wawili watatu waliochoka kumngoja, wakaamua kuishi na watu wengine bila barua ya mtu. Kwenye daftari lake hao wote ni wanandoa wenye furaha.

"Haya, mwalimu," aliniambia. "Mwenzio amekukosea nini?"

"Hajanikosea, mzee."

Akamgeukia mume wangu. "Na wewe?"

"Hana kosa, mzee. Tumekubaliana tu."

"Mmekubaliana!" Aliwatazama wajumbe wenzake kwa ushindi. "Watu wanaokubaliana, nivunje nini hapo?"

Mume wangu akacheka. Nami nikacheka. Tukafukuzwa kwa upendo, na kazi ya nyumbani juu: tukale sinia moja kwa mwezi mzima.

Mwezi ulipokwisha tulirudi, tukajibu vilevile, tukaongezewa mwezi mwingine. Mara ya tatu, katibu wa baraza, dada mmoja mwenye haya, alitufuata nje. "Mwalimu, samahani," alininong'oneza. "Nyie mnaongea vizuri mno. Wanaopata ile barua huwa wanakuja na kelele."

Basi tukaenda nyumbani kutengeneza kelele. Mimi namenya magimbi, yeye ameegemea mlango wa jikoni, tunagawana makosa. Nilimpa la kuchelewa kurudi, yeye ambaye saa tatu usiku ilikuwa inamkuta anakoroma. Yeye akanipa dharau. Tulicheka mpaka binti yetu akaja kuuliza kuna nini. Ninaikumbuka jioni ile kwa uchungu, maana ndiyo ya mwisho tuliyocheka pamoja.

Siku ya kikao nilianza mimi. Nikalalamika, nikapiga meza, nikafuta machozi ambayo hayakuwepo. Mwenyekiti alichangamka, akafunua ukurasa mpya. Zamu ya mume wangu ikafika.

"Mke wangu ana dharau," alisema, kama tulivyopanga.

"Toa mfano."

Mfano hatukuupanga. Walimu tumo humu duniani tunawadai watoto mifano kutwa nzima, halafu mimi nikasahau. Mume wangu akatafuta, na kwa bahati mbaya akapata.

"Parachichi," alisema.

Sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mume anayekuja kukaa kwetu analima mchicha, maharage, karoti, chochote cha kuvuna na kuisha. Mti wa kudumu hapandi, kwa sababu mti ni madai: kesho yeye na ndugu zake watasema shamba ni lao. Mume wangu, mtu wa kuja, katika mwaka wa pili wa ndoa alileta mche wa parachichi, akaupanda nyuma ya nyumba. Nilimwambia kwamba umeliwa na mchwa.

"Aliung'oa mwenyewe, mzee," alisema. Hakuwa anaigiza tena. "Alfajiri, kabla mjomba wake, mlinzi wa shamba la ukoo, hajapita. Nilimwona dirishani. Akaja mezani akaniambia mchwa, na mimi nikanywa chai. Miaka kumi na moja nimepanda mchicha. Hata kivuli cha kukaa sina pale."

Hapo ndipo ningesema samahani. Maneno mengine yote duniani yalikuwepo, nami nikachagua haya: "Ulitaka kupanda parachichi, au ulitaka kupanda madai?"

Sijawahi kusema jambo baya kama lile kwa ufasaha namna ile.

Akamwambia mwenyekiti, sio mimi, kwamba mpango wetu ameufuta. Binti yake ataondoka naye. Nikasimama. Nikasema mtoto kwetu ni wa ukoo wa mama, na asithubutu. Akasema atathubutu. Tulipiga kelele hadi waliokuwa wamepanga foleni ya barua za utambulisho wakasogea dirishani.

Mwenyekiti aling'aa. Hatimaye alikuwa na mgogoro halisi, na alijua jinsi ya kuushughulikia. Barua tutaipata, alisema, baraza limeshindwa, anakiri. Ila kwa kuwa wazazi wanavutana, na yeye ni mtu wa haki, hawezi kufunga jalada kabla ya kumsikia mtoto.

Niliomba. Niliomba kweli, viganja nimevikutanisha, na kwa mara ya kwanza katika vikao vyote vinne nilikuwa nalia bila mpango. Aliniambia kwa upole kwamba huo ni utaratibu.

Alhamisi iliyofuata binti yangu alisimama mbele ya meza ile akiwa na sare za shule.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Usiogope. Unataka kukaa na nani?"

Alinitazama mimi, kisha baba yake. Sisi tulikuwa tumekaa kila mtu na benchi lake.

"Mama aliniambia sitaulizwa," alisema.

"Si jambo kubwa hilo. Sema tu, tunakusikiliza."

Akafikiri. Ni mtoto niliyemlea mwenyewe: akiulizwa na mkubwa, anajibu.

"Kwa baba," alisema.

Mwenyekiti alimuuliza sababu, kwa kuwa daftari lilikuwa na nafasi ya sababu.

"Kwa mama tuko wengi. Kuna bibi, kuna babu mjomba, kuna mama wadogo wote. Baba hana mtu."

Katibu aliandika. Baba yake alifunika uso. Mimi niliangalia soksi za mwanangu, moja imeshuka, na nikashindwa kuinuka kwenda kuipandisha, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli, na aliyekifanya kiwe kweli ni mimi.