Wafu Wapanda Farasi wa Banda la Masanja

Watoto wa siku hizi picha inawafuata mpaka chini ya blanketi. Sisi wa rika langu, tuliokulia vijiji vya kuzunguka Bariadi, picha tuliifuata kwa miguu. Jumapili ibada ikiisha tulikula ugali wa mtama haraka haraka, tukajaza michembe mfukoni, vile viazi vikavu vya kutafuna njiani, tukakata katikati ya mashamba ya pamba. Tukiwa mbali bado tulisikia jenereta ya Masanja inakohoa, na hapo ndipo kila mtu alianza kukimbia.

Banda lake la video lilikuwa la miti na udongo, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Ndani kulikuwa na joto, harufu ya petroli, jasho na karanga za kukaanga, na mbele kabisa televisheni ndogo yenye kisogo kikubwa. Kiingilio cha mtoto kilikuwa yai moja. Masanja alilitikisa kwanza sikioni, maana wenzetu fulani walikuwa wanampelekea mayai viza.

Tulipenda picha za kauboi. Sisi ni watoto wa wafugaji. Mtu mwenye kofia, vumbi na ng'ombe tulimwona kama mjomba. Lakini Masanja alikuwa na kanda chache ambamo kauboi na mizimu vilipikwa chungu kimoja: steringi anapigwa risasi, anazikwa, halafu anatoka kaburini na kupanda farasi kwenda kudai chake. Ukubwani ndipo nilipojua kuwa walizitengeneza watu wasio na uwezo. Mji mzima ni nyumba tatu za mbao, na mlango ukibamizwa ukuta unatikisika. Farasi anaingia mtoni akiwa mwekundu, anatoka mweusi. Sisi hatukuona hayo. Tulipiga mayowe mpaka kuku wa Masanja wakahama. Naye, Kiingereza akiwa hakijui, alitutafsiria vivyo hivyo: "Hapa anamwambia, ulinizika bila hata kuniaga!"

Mwaka ule mama yetu alikuwa amefariki, wakati wa palizi ya pamba. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mdogo wangu Kabula ana miaka sita. Mama alizikwa nyumbani, kando ya zizi, na juu ya kaburi yakapangwa mawe. Siku ya mazishi Kabula alipelekwa kwa jirani. Aliporudi, shangazi aliyekuja kutulea akamwambia, "Mama amesafiri. Atarudi." Wakubwa wote wakashika neno hilo, nami nikalishika. Ila watoto wa jirani walikuwa wameshamnong'oneza nani yuko chini ya yale mawe, naye akawa anakwenda kukaa pale peke yake.

Baba alikuwa amekataza video. "Picha za wafu siyo za mtoto wangu," alisema. Jumapili moja hakuwepo, nikambeba Kabula mgongoni tukaenda. Masanja akaweka kanda ya mwenye ng'ombe aliyeuawa na wezi, akazikwa porini, na baada ya siku chache mawe ya kaburi lake yakaanza kusogea. Banda zima tulipiga yowe. Kabula hakupiga. Alisimama juu ya benchi ili aone vizuri, na alikuwa anatabasamu.

Kesho yake mchana nilimkuta kando ya zizi, anatoa mawe kwenye kaburi la mama, moja moja, kwa mikono yake miwili. Pembeni alikuwa ameweka kibuyu cha maziwa na khanga ya mama, ameikunja vizuri.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Namsaidia," akasema, bila kusimama. "Yule wa kwenye picha alipata shida kutoka. Mawe yalikuwa mengi."

Ndipo nikasikia kengele za ng'ombe. Baba alikuwa anarudi kutoka kunywesha. Alisimama akatutazama, fimbo mkononi, nami nikajiandaa kuchapwa. Lakini alichuchumaa tu. "Nani kakufundisha haya, mayu?" Kwetu mtoto wa kike unamwita mama, mayu, ukimpenda. Kabula akamsimulia picha yote, hata farasi. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kurudisha mawe, taratibu, kama anayepanga mayai. Alipomaliza akaniambia, "Jumapili mtanipeleka nikaione hiyo picha."

Masanja alipomwona baba mlangoni na fimbo yake ya kuchungia alijua amefuatwa. "Mwadila, baba," akasalimia kwa unyenyekevu. Baba akaitikia, akaomba kanda ile ile, akakaa benchi la mbele na kumpakata Kabula. Hakuwahi kuona picha maishani mwake, lakini ng'ombe alikuwa anawajua. "Hawa tangu asubuhi hawajanywa maji," akalalamika kwa sauti. "Wachungaji gani hawa?" Banda likacheka.

Mawe yalipoanza kusogea baba akainama mbele. Mfu akatoka, uso mweupe, akanyoosha mkono.

"Masanja, rudisha nyuma kidogo. Simamisha hapo." Akasogeza uso wake karibu na wa Kabula. "Unaona nini mkononi mwake?"

"Saa."

"Na usoni?"

Kabula akaangalia sana. "Unga."

"Eeh. Huyu ni mtu mzima kapakwa unga. Walipomaliza alinawa, akaenda kwao kula."

Watu wakaangua kicheko. Kabula hakucheka. Aligeuka mapajani mwa baba akamtazama machoni. "Na mama?"

Baba akaweka fimbo chini.

"Mama yako amekufa, mayu," baba akasema. "Hakusafiri. Hatatoka pale."

"Hata tukitoa mawe?"

"Hata tukitoa mawe." Kisha akasema polepole, "Hata huyu wa kuigiza, anatoka kwa sababu ana hasira na watu. Mama yako hakuwa na hasira na mtu."

Hapo Kabula akalia, kilio ambacho hakuwa amelia tangu msiba. Na baba, mwanamume wa Kisukuma mbele ya banda lililojaa watu, akalia naye. Mimi nikawashika wote wawili. Masanja alitoka akazima jenereta. Hakuna aliyenung'unika, hakuna aliyedai picha iendelee.

Shangazi alipata habari kabla hatujafika nyumbani. "Umemwambia mtoto?" akamkemea baba.

"Nimemwambia. Na akiuliza tena nitamjibu tena."

Aliuliza sana. Tangu siku hiyo mama akawa anatajwa kwetu wakati wa chakula: alivyoimba, alivyokuwa hapendi mlenda uliozidi chumvi. Kabula akaacha kukaa kando ya zizi peke yake. Leo ni mama wa watoto wanne, anauza samaki Lamadi, na ana sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara kuu.

Wanangu wawili wanaangalia picha za kutisha kwenye simu, kila mmoja na yake, waya masikioni. Wafu wa siku hizi wametengenezwa vizuri mno. Huwezi kumwonyesha mtoto kasoro akatulia. Nikiwasimulia zetu wananicheka: "Mama, hiyo ndiyo mlikuwa mnaiogopa?" Nacheka nao. Lakini sisi tulipoogopa, tuliogopa tukiwa benchi moja na watu tunaowajua, na mkubwa aliweza kusema simamisha hapo. Wao hata sijui wanaogopa saa ngapi.

Juzi niliketi katikati yao nikaomba nione. Mkubwa akasema, "Mama, hutaelewa," akageukia ukutani. Mdogo alinitazama kidogo, akachomoa waya wa sikio moja, akanipa. Kweli, sikuelewa kitu. Nilikaa hivyo hivyo, kichwa changu kimegusana na chake, mpaka ilipokwisha.